Usiulize wati kabla hujaisoma spika

Anayetafuta amplifaya ya nyumbani karibu kila mara huanza na swali moja: ina wati ngapi? Kwa maoni yangu swali hilo limetangulia mno. Kazi ya amplifaya ni kuisukuma spika, na spika ndiyo inayoamua isukumwe kwa nguvu kiasi gani. Chagua spika kwanza, masikio yako yaridhike nazo, ndipo uzitafutie mwenzake.

Kwenye karatasi ya spika kuna namba mbili za kusaka. Ya kwanza ni sensitiviti, yaani ukubwa wa sauti inayotoka spika ikipewa wati 1 na kupimwa ukiwa mita 1 mbele yake. Spika nyingi za nyumbani huangukia kati ya desibeli 84 na 91. Unaweza kudhani tofauti ni ndogo, lakini kila desibeli 3 unazoongeza zinadai nguvu maradufu. Spika ya 84 itataka wati 40 ili ifikie sauti ambayo ile ya 90 inaitoa kwa wati 10. Ndiyo maana kutoka amplifaya ya wati 50 kwenda ya wati 100 hakukupi sauti mara mbili. Kunakupa desibeli 3 tu, na sikio huhisi sauti imekuwa maradufu inapopanda desibeli 10 hivi. Huniuma kuona mtu akilipia hizo wati 50 za ziada, wakati fedha hiyo hiyo ingeingia kwenye spika bora ingesikika siku ya kwanza.

Namba ya pili ni omu, kipimo cha ukinzani, yaani jinsi spika inavyouzuia umeme, na hapa wengi hunaswa. Spika iliyoandikwa omu 8 haikai kwenye 8 muda wote. Ukinzani wake hupanda na kushuka kufuatana na noti inayopigwa, na unaweza kuteremka hadi 4 au chini ya hapo. Ukinzani ukishuka nusu, amplifaya inadaiwa mkondo wa umeme maradufu. Imara italipa deni hilo. Dhaifu itachemka, besi italegea, pengine itajizima katikati ya wimbo. Linganisha wati zake za omu 8 na za omu 4: ikiwa ni 60 kwa 110, transfoma yake inaelekea kuwa na misuli. Ikiwa ni 60 kwa 65, au omu 4 hazitajwi kabisa, na spika zangu ni nzito kuendesha, mimi naiacha hapo hapo.

Halafu uliza wati hizo zilipimwaje. Marekani ilitunga kanuni mwaka 1974 kuhusu namna ya kutangaza nguvu za amplifaya za nyumbani, maana kila mtengenezaji alikuwa akijiandikia atakavyo. Hata hivyo maboksi yenye maelfu ya wati za PMPO, yaani za kilele cha kufumba na kufumbua, hayajaisha. Geuza kifaa, usome kibandiko cha nyuma: kinachokula wati 60 kutoka ukutani hakiwezi kumwaga 1,000 kwenye spika wimbo mzima. Wati ninazoziamini zimepimwa chaneli zote mbili, ya kushoto na ya kulia, zikifanya kazi, kuanzia besi ya hezi 20 hadi noti kali ya hezi 20,000, upotoshaji wa sauti ukiwa chini ya asilimia 1. Zilizopimwa kwenye asilimia 10 zimetiwa chumvi.

Wapo wanaoogopa kwamba amplifaya kubwa itaunguza spika. Mimi naihofia zaidi ndogo iliyofunguliwa hadi mwisho. Ikiombwa kuliko uwezo wake, vilele vya mawimbi ya sauti hukatwa vikawa bapa, na twita, kile kispika kidogo cha noti za juu chenye koili ya waya mwembamba kama unywele, hupokea nguvu ambayo hakikutengenezewa. Dalili husikika mapema: ngoma inapoteza mdundo na kubaki na mlio mkavu, sauti ya mwimbaji inakwaruza kwenye kila S. Ukisikia hivyo, teremsha sauti papo hapo.

Kwa chumba cha kawaida na spika ya desibeli 88, wati 50 hadi 80 za kweli zinatosha kabisa. Ukikaa mita 5 kutoka kwa spika ya 84, na unapenda muziki wa bendi kubwa, wati 150 si anasa. Na amplifaya za valvu, zile zinazotumia taa za kioo, zenye wati 8 nazipenda kwa dhati, ila zipewe spika za desibeli 95 kwenda juu ambazo omu zake haziyumbi sana.