Roketi kupanda inapanda tu, shughuli iko kwenye kushuka

Kila nikimwonyesha mtu video ya ile roketi tuliyounda na braza, swali la kwanza ni lilelile: ilienda juu kiasi gani? Sijawahi kuulizwa ilirudije. Na mimi kwa maoni yangu hilo ndo swali lenyewe, lile la kwanza ni la mbwembwe tu, maana kitu chochote ukikifungia mota ya kutosha kwa nyuma kitapanda, hata fagio.

Tuelewane kwanza. Siongelei zile fataki za mwaka mpya, wala roketi za chupa ya plastiki za watoto wa shule. Kuna hobi ya watu wazima kule Marekani na Ulaya, wanaunda roketi za karatasi ngumu au faibaglasi, mota ya fueli kavu, na wameipangia madaraja kwa herufi. Kila herufi inaruhusiwa nguvu maradufu ya iliyotangulia. G inaishia newton sekunde 160 (hicho ni kipimo cha msukumo wote wa mota), ukivuka hapo umeingia H, na kuanzia H ndo wanaita za nguvu kubwa, hununui bila cheti. Braza anaishi huko, alikuja likizo akaleta seti yake kwenye begi, bila mota bila shaka, maana mota kwenye usafirishaji inahesabiwa kilipuzi na haipandi ndege ya abiria. Tukaiunda barazani kwa mama hapa Njiro, Arusha, akarudi nayo, akairushia huko huko kwa ajili ya cheti chake cha leveli 1. Mimi nimeona video tu lakini mikono yangu imo mle ndani kwa hiyo nna haki ya kuongea.

Na hicho cheti chenyewe kinathibitisha ninachosema. Vyama vyao viwili vikubwa, NAR na Tripoli, kwenye leveli 1 havikuulizi umepanda mita ngapi. Wanataka iruke vizuri, parachuti ifunguke, vipande vyote virudi vikiwa vimeshikana, na roketi iwe katika hali ya kuweza kuruka tena. Ukienda kilomita moja juu halafu ikarudi pua chini kama mkuki, umefeli, hata kama umati mzima ulipiga makofi.

Mi nadhani TV ndo imetuharibu. Tumezoea kuhesabu kurudi nyuma, moto, moshi, watu wanakumbatiana, basi. Hata ile satelaiti ya Uhuru iliyorushwa na roketi iitwayo Scout pale jukwaa la San Marco karibu na Malindi, 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, ile roketi ilikuwa ya fueli kavu pia lakini hakuna aliyetegemea irudi, hatua zake, yaani vile vipande vinavyoachana njiani, zilitumika mara moja zikaisha. Mpaka Desemba 2015 kampuni ya SpaceX waliposhusha kwa miguu, kwa mara ya kwanza, hatua ya kwanza ya roketi yao ya Falcon 9 ndo dunia nzima ikaanza kushangilia kushuka. Wenye hobi walikuwa wanashangilia kushuka zamani sana, maana hela inatoka mfukoni kwao.

Haya, tuje kwenye kazi yenyewe. Kuunda sio kugumu, watu wanadhani lazima uwe injinia. Kuna bomba la mwili, kuna bomba dogo la mota ndani yake lililoshikwa na ringi za plaiwudi, mapezi matatu, pua. Mapezi unayapitisha kwenye mipasuo ya bomba mpaka yaguse bomba la mota, unamwaga epoksi kwenye kona na kulainisha kwa kidole ulichochovya spiriti. Ilikuwa Julai, na Julai ya Arusha mnaijua, epoksi iliyoandikwa inakauka kwa nusu saa asubuhi yake bado inanata, ikabidi tuhamishie kazi jikoni karibu na jiko la mkaa (epoksi yenyewe mbali na moto jamani, joto la chumba tu). Halafu msasa, msasa, msasa. Kitovu cha uzito kinatakiwa kikae mbele ya kitovu cha mgandamizo wa hewa kwa angalau upana mmoja wa bomba, hiyo unaipima kwenye programu ya OpenRocket ambayo ni ya bure, ukikuta haitoshi unaongeza uzito kwenye pua. Hapo umemaliza nusu ya kupanda. Nusu nyingine ameshakufanyia kiwanda cha mota.

Kushuka hakuna wa kukufanyia. Parachuti iliyokuja kwenye seti ilikuwa ya kama sentimita 90, na roketi ikishachoma fueli inabaki na kilo moja na nusu hivi. Piga hesabu, inatua kwa mita 7 na zaidi kwa sekunde, pezi linavunjika hilo. Tena kwa hapa kwetu mambo ni mabaya zaidi, Arusha iko kwenye mita 1,400 hivi, hewa ni nyepesi kuliko ya Tanga kwa kama asilimia 13, kwa hiyo parachuti hiyohiyo inashuka haraka zaidi kwa kama asilimia 7. Mimi nikasema hapana, tushone ya mita 1.2, hiyo inatua chini kidogo ya mita 6 kwa sekunde, kitu kinachovumilika.

Tukaenda kwa mama mmoja fundi cherehani soko la Kilombero na kitambaa cha nailoni cha mwamvuli. Akaangalia pateni yangu ya magazeti, vipande vinane, akaniuliza, "Mwanangu, hili shimo la katikati ni la nini sasa?" Nikamwambia ni la kupitisha hewa ili lisiyumbeyumbe likishuka. Akanyamaza kidogo akapitisha kidole pale kwenye duara. "Basi hapa pindo lipite mara mbili, na kamba zisiishie ukingoni, zipande mpaka huku juu. Kikivutwa kwa ghafla kitaanzia kuchanikia hapahapa." Hajawahi kuona roketi maisha yake yote lakini kaligusa tatizo lenyewe kwa mkono. Kuna vijana wana digrii wangebishana na mimi nusu saa kuhusu mota kabla ya kufika kwenye pindo.

Na kufunguka kwenyewe kunavyotokea ni hivi. Mota ikimaliza kusukuma kuna kipande kinaendelea kuungua taratibu bila kusukuma, sekunde kadhaa, roketi inapanda kwa kasi iliyobaki, halafu moto unafikia baruti kidogo iliyo juu ya mota, ile gesi inasukuma pua itoke na parachuti ifuate. Hizo sekunde unazipanga wewe. Ukizipanga chache mno inafunguka ikiwa bado inakimbia, kamba inakata bomba kwa urefu, wenyewe wanaita zipu. Ukizipanga nyingi mno inafunguka ikiwa imeshageuka na inakimbilia chini, zipu tena, au haifunguki kabisa. Pua nayo ikikaza sana haitoki, ikilegea inatoka yenyewe njiani. Kipimo ni cha kizamani kabisa: shika roketi kwa pua, itikise, mwili usianguke, halafu vuta kwa mkono, itoke bila kugombana. Ikilegea unazungushia masking tepu mzunguko mmoja, unajaribu tena.

Kukunja parachuti ndo ibada. Poda ya mtoto kwanza ili nailoni isishikane, kunja pembe kwa pembe, kamba zote upande mmoja, zungusha, funika na kile kitambaa kisichoshika moto kwa upande wa baruti. Braza alitaka kuisokomeza tu ndani tuwahi chai. Tulitibuana kidogo hapo. Mfuko wa mchanga wa kilo moja na nusu tuliurusha kutoka juu ya ghorofa moja la jirani (kwa ruhusa ya mwenye nyumba), ya kukunja ilifunguka, ya kusokomeza ilishuka imejisonga na mfuko ukapasuka pale chini. Ubishi ukaisha.

Najua kuna machalii wa hapa watasema sasa si turushe hapa hapa, uwanja wa mpira upo. Aisee, hapana. Kanuni za NAR zinataka eneo la wazi ambalo hata upande wake mfupi usipungue nusu ya urefu roketi inaokwenda juu, na kwa vyovyote lisipungue mita 457. Uwanja wa mpira una mita mia na kidogo. Ikifunguka mita 600 juu na inashuka mita 6 kwa sekunde, inaning'inia hewani sekunde 100, upepo wa mita 5 tu kwa sekunde unaipeleka nusu kilomita, yaani umerushia Njiro unaitafuta mashambani kwa watu. Na anga letu lina shughuli, vindege vya Serengeti vinatoka uwanja wa Kisongo asubuhi yote, uwanja wa ndege wa KIA uko pale njia ya Moshi. Ni lazima TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, wajue, na mota kama nilivyosema ni kilipuzi, ina sheria zake. Na tafadhali usijitengenezee fueli nyumbani, hiyo mada sitaki hata kuijadili kwenye komenti.

Ila nachosema, sehemu ngumu na tamu haihitaji kibali cha mtu. Bomba, mapezi, OpenRocket, parachuti na mfuko wa mchanga, shule yoyote ya hapa au ya Moshi inaweza. Hata zile roketi mbili nyeupe za pembeni za Space Shuttle, ambazo zilitumia ammonium perchlorate, jamii ileile ya fueli ya mota ya braza, zilirudi baharini kwa maparachuti, na maparachuti hayo yalishonwa na watu kwa cherehani.

Sasa hivi braza amenogewa, anataka leveli 2, mota ya J. Nimemwambia kabla ya J anunue altimeta (kifaa kinachopima kimo na kufungua parachuti kwa wakati wake), parachuti ndogo ifunguke kileleni na kubwa ifunguke ikibaki mita 150 hivi, ili asitembee kilomita nzima kuifuata. Anasema altimeta ni ghali kuliko mota. Ndiyo, na inatumika zaidi ya mara moja.