Elite haikustahili alama hizo

Mwandishi wa uhakiki wa Elite, gemu ya kurusha chombo cha angani na kufanya biashara kati ya sayari, ameinyima alama kwa sababu picha zake ni mistari mitupu. Jamani! Gemu hiyo ilitoka 1984 kwenye BBC Micro, kompyuta yenye kumbukumbu ya kilobaiti 32 tu, na bado waundaji wake, David Braben na Ian Bell, waliingiza humo galaksi 8, kila moja na sayari 256. Sayari hizo hazikuhifadhiwa moja moja. Kompyuta ilizikokotoa upya kutokana na namba chache za mwanzo, kuanzia jina hadi bei za bidhaa. Kuegesha chombo kwenye kituo kinachozunguka ni mateso, hapo nakubali. Lakini mbona mwandishi hakugusa biashara? Kununua chakula sayari ya wakulima, kukiuza sayari ya viwanda, faida ukaongeze silaha: utamu wenyewe ndio huo.