Stelingi Hafi, na Bado Tunapiga Kelele

Kibanda umiza cha mtaani kwetu kilikuwa na mabenchi sita, deki moja, na feni ambayo sikumbuki kama iliwahi kumpoza mtu. Humo ndimo nilimojifunza sheria ya kwanza ya sinema: stelingi hafi. Apigwe risasi, atupwe korongoni, nyumba ilipuke akiwa ndani, wewe tulia tu, atatokea. Ajabu ni kwamba walioijua sheria hiyo kuliko wote ndio waliokuwa wakipayuka zaidi adui akimnyatia: "Geuka nyuma! Wewe, geuka!" Baadhi yao mkanda huo walikuwa wanauona kwa mara ya nne. Wanajua atageuka, wanajua hata atageukia bega gani, na bado koo zinawakauka kwa kumwonya.

Huwa nawakumbuka kila nikikuta watu wanabishana juu ya hadithi za kusafiri katika wakati. Ubishi ni uleule: kama yaliyopita hayabadiliki hata ukiyarudia, basi waliomo ndani ya hadithi ni vikaragosi, kadari inawavuta kamba, na kama yanabadilika, basi wako huru. Mimi naona kinyume. Uhuru wa mtu nimeukuta zaidi kwenye hadithi ambazo jana imeshakazwa kama fundo la kamba iliyolowa mvua.

Chukua The Terminator ya mwaka 1984. Mkanda ule ulitutia hasara kibandani, maana Kyle Reese, ambaye sote tulishampa ustelingi, alikufa. Ametoka mwaka 2029 kuja Los Angeles kumlinda Sarah Connor, mama mtarajiwa wa John, atakayeongoza vita vya binadamu dhidi ya mashine. Mashine nazo zimeshatuma muuaji wao, Sarah afe kabla hajazaa. Katika kukimbizwa huko Reese na Sarah wanapendana, usiku mmoja tu, na mimba inayotungwa ndiyo John mwenyewe. Kwa hiyo zile mashine, kwa kutaka John asizaliwe, ndizo zilizomleta baba yake. Fundi mmoja wa baiskeli aliyebanana nami benchi moja akauliza kwa sauti, "Sasa hapo nani kaanza?" Mfasiri wa mkanda hakumjibu. Aliendelea kututafsiria milio ya bunduki.

Kuna picha ndani ya filamu ile ambayo sikuielewa mpaka nilipokuwa mtu mzima. Reese alipewa na John picha ya Sarah, akaibeba vitani miaka mingi, na siku zote alijiuliza yule mwanamke alikuwa anawaza nini wakati inapigwa. Mwishoni tunaona inavyopigwa. Sarah ni mjamzito, amesimama kituo cha mafuta, mtoto mmoja anamfotoa ghafla, naye muda huo anamuwaza Reese, ambaye ameshakufa. Hakuna kilichobadilika hata chembe. Lakini niambie ni nani aliyemshika Reese mkono kumlazimisha apende.

Mwaka uliofuata ikaja Back to the Future nayo ina picha yake. Marty McFly, kijana wa miaka 17, amejikuta mwaka 1955, amewavurugia wazazi wake uchumba kabla haujaanza, na picha aliyopigwa na kaka na dada yake inaanza kufutika, ndugu mmoja baada ya mwingine. Ni filamu tamu, sibishi, nimeicheka mara nyingi. Ila mwisho wake unanikera. Marty anarudi mwaka 1985 anakuta baba mpya: anajiamini, ameandika kitabu, nyumba imependeza. Watu wanashangilia. Yule baba wa mwanzo, mnyonge, aliyeonewa kazini, ambaye ndiye aliyemlea kijana huyu, yuko wapi? Hakuzikwa, hakuwekewa matanga. Amefutwa kama hesabu ubaoni. Na kama maisha yote ya mtu yanafutika hivyo, basi uamuzi wowote ndani yake ulikuwa wa penseli. Huo ndio uhuru tunaousifia?

Wanafalsafa nao wamelitafuna suala hili. David Lewis, Mmarekani, aliandika makala mwaka 1976 yenye kijana anayeitwa Tim. Tim anamchukia babu yake, mtu aliyetajirika kwa biashara ya silaha. Babu amefia kitandani mwaka 1957. Tim anaunda mashine, anarudi mwaka 1920, ananunua bunduki, anafanya mazoezi ya shabaha, anamsubiri babu njiani. Je, anaweza kumuua? Lewis anasema ndiyo na hapana, inategemea "kuweza" unakuhesabu vipi. Anatania kwamba yeye mwenyewe anaweza kuongea Kifini, kwa kuwa koo na ulimi anavyo, tofauti na nyani. Lakini usimpeleke Helsinki awe mkalimani wako. Tim ana bunduki, ana shabaha, ana sababu. Atashindwa tu, na hatashindwa kwa sababu malaika amemzuia mkono. Atashindwa kwa mambo ya kawaida: kelele imemshtua, bunduki imegoma, au moyo umemwingia huruma.

Hapo kwenye huruma ndipo ninapopapenda. Tuseme Tim aliteremsha bunduki kwa kumhurumia mzee. Huruma ile ni ya nani? Ni yake. Ukweli kwamba babu angeishi mpaka 1957 hauifanyi huruma kuwa ya kuigiza.

Sisi tuna methali, jitihadi haiondoi kudura, na naona tunaitumia vibaya. Mtu akishafeli, au akishakata tamaa, anaitoa kama cheti cha kupumzikia. Lakini isome tena: jitihadi imetajwa kwanza, imehesabiwa kuwa ipo. Methali haikusema usijitahidi.

Sijaona aliyeliandika hilo vizuri kuliko Ted Chiang, katika hadithi yake ya mwaka 2007, The Merchant and the Alchemist's Gate. Aliiweka Baghdad na Cairo za zamani, miongoni mwa Waislamu, na nadhani aliona mbali: ni watu ambao neno la kadari kwao si kitendawili, ni sehemu ya imani ya kila siku. Mfanyabiashara Fuwaad alimwacha mkewe Najya kwa maneno makali, akasafiri, na aliporudi alikuta ameshafariki kwa kuangukiwa na jengo la msikiti. Miaka 20 baadaye anapata lango la kumrudisha nyuma miaka hiyohiyo. Ameshaambiwa waziwazi kwamba yaliyopita hayaondoki. Anakwenda. Njiani anacheleweshwa na hiki na kile, anafika mkewe ameshakufa. Ila anakutana na mwanamke aliyemuuguza Najya, anapewa maneno yake ya mwisho: kwamba maisha yake, ingawa mafupi, yalikuwa ya furaha kwa sababu ya muda waliokuwa pamoja. Maneno hayo asingeyasikia maisha yake yote kama angekaa nyumbani akisema imeandikwa.

Nilipoifikia sehemu hiyo mara ya kwanza nilikuwa ndani ya daladala, na ilibidi nijifanye nimeingiwa na vumbi.

Sasa usidhani nasema jana isiyobadilika ni faraja. Octavia Butler, katika riwaya yake Kindred ya mwaka 1979, anaonyesha upande ambao hauna marashi. Dana ni mwandishi, mwanamke mweusi wa California mwaka 1976, na anavutwa mara kwa mara kurudi Maryland enzi za utumwa kila Rufus, mtoto wa mwenye shamba, anapokaribia kufa. Anagundua kwamba Rufus ni babu wa mababu zake. Rufus akifa kabla hajamzaa Hagar, bibi wa ukoo wa Dana, ukoo huo unakatika, naye pamoja nao. Na Hagar atazaliwa na nani? Na Alice, mwanamke aliyezaliwa huru akaishia utumwani, ambaye hamtaki Rufus. Inafika siku Rufus anamtaka Dana akamshawishi Alice aende kwake kwa upole, la sivyo atapigwa na atachukuliwa kwa nguvu vilevile.

Dana anaenda kuzungumza naye.

Hapo wasomaji wengi wanamrukia, na nimewahi kumsikia rafiki akimtetea kwamba hakuwa na la kufanya, historia ilishapita. Sikubaliani na utetezi huo. Hagar alikuwa lazima azaliwe, sawa. Lakini hakuna ukurasa ambapo historia ndiyo iliyoinuka na kutembea mpaka kwa Alice. Aliyetembea ni Dana, kwa miguu yake, akiwa na hofu zake na hesabu zake, na Butler hamruhusu kujificha nyuma ya tarehe. Baada ya Hagar kuzaliwa kamba inalegea, na Rufus anapomvamia Dana mwenyewe, Dana anamchoma kisu. Anarudi kwao bila mkono wa kushoto.

Hata bila mashine yoyote, pwani yetu ina hadithi ya mtu aliyeziona kesho zake zikija. Katika Utenzi wa Fumo Liyongo, mfalme wa Pate ameshindwa kumuua shujaa huyo kwa kila hila, kwa hiyo anamhadaa mwana wa Liyongo kwa ahadi ya kumwoza binti yake. Kijana anakwenda kwa baba na swali moja: baba, wewe hudhuriwa na nini? Liyongo si mjinga. Anashuku kwamba kijana ametumwa. Anamwambia: sindano ya shaba, kitovuni. Kijana anamchoma akiwa usingizini, na Liyongo anainuka, anakwenda kisimani, anapiga goti na upinde wake umevutwa, anafia hapohapo. Siku kadhaa watu hawakuthubutu kuteka maji, wakidhani yu hai.

Utenzi huo nimeusoma sijui mara ngapi, na mwisho wake naujua kuliko namba yangu ya simu. Kila nikifika kwenye swali la kijana nakuwa kama wale wa kibandani: mdanganye, mzee, mwambie jiwe, mwambie moto, mwambie chochote. Anamtazama mwanawe, halafu anamjibu.