Kutenganisha chupa kwenye laini ya kufungashia: parafujo ibaki au iondolewe?

Kwenye laini ya kufungashia, chupa husafiri zikiwa zimebanana bega kwa bega, kwa sababu hivyo ndivyo mkanda unavyobeba nyingi kwa mwendo mdogo. Mashine zinazozisubiri mbele hazizitaki katika hali hiyo. Mashine ya kubandika lebo inahitaji pengo ili kihisi chake kitambue chupa moja inaishia wapi na nyingine inaanzia wapi. Mizani ya kukagua uzito inahitaji chupa moja tu iwe juu ya sahani yake kwa wakati mmoja. Nayo mashine ya kujaza ya mzunguko inahitaji kila chupa ifike hasa pale ambapo kishimo cha gurudumu la nyota, yaani gurudumu lenye vishimo ukingoni vinavyoingiza chupa moja moja kwenye mashine, kinafunguka kuipokea. Kwa muda mrefu kazi ya kuzitenganisha imekabidhiwa parafujo ndefu ya plastiki ngumu inayolala kando ya mkanda. Wahandisi wengi sasa wanataka kuiondoa ili laini iwe nyepesi kuendesha na kutunza. Nia hiyo ni njema, lakini naona mara nyingi inatekelezwa pasipo kuuliza mashine ya mbele inahitaji nini.

Uzuri wa parafujo uko katika mifereji yake. Mwanzoni mifereji hiyo hukaribiana kwa kipimo cha kipenyo cha chupa, kisha huachana taratibu, hadi mwishoni umbali kutoka katikati ya chupa moja hadi katikati ya inayofuata unalingana na umbali wa vishimo vya gurudumu la nyota. Kila mzunguko mmoja hutoa chupa moja, kwa hiyo laini ya chupa 200 kwa dakika huzungusha parafujo mara 200 kwa dakika. Chupa huongezewa mwendo kidogo kidogo huku imeshikwa pande zote, na hata chupa moja ikikosekana, nafasi yake hupita tupu bila kuvuruga zile zinazoifuata.

Gharama ya utulivu huo si ndogo. Parafujo iliyochongwa kwa chupa ya duara haiwezi kupokea chupa bapa, na kiwanda chenye maumbo mengi hulazimika kuwa na rafu nzima ya parafujo, kila moja na vizuizi vyake vya pembeni. Kubadilisha bidhaa humaanisha kufungua, kubeba, kufunga, kisha kutafuta upya pembe ambayo parafujo na gurudumu vinaelewana. Chupa iliyolala ikiingia kwenye mfereji wa kwanza, klachi ya usalama, kiungo kinachokata nguvu ya mota mzigo unapozidi, huachia na laini nzima husimama. Ukingo wa mfereji huo wa mwanzo, ambao ni mwembamba kuliko mingine yote, ndio unaogongwa na kila chupa inayofika wakati usiofaa. Ukishachubuka, huanza kukwaruza lebo na kuangusha vyombo vyepesi, na fundi asiyeutazama kwa karibu atalaumu mkanda.

Mbadala unaopendekezwa zaidi ni mikanda miwili inayofuatana kwa kasi tofauti. Hesabu yake ni rahisi. Chupa yenye kipenyo cha milimita 65, ikitakiwa kuwa na umbali wa milimita 130 kutoka katikati hadi katikati, inahitaji mkanda wa pili ukimbie mara mbili ya ule wa kwanza: kwa chupa 200 kwa dakika, mkanda wa kwanza huenda mita 13 kwa dakika na wa pili mita 26. Ukibadilisha chupa, unabadilisha uwiano wa kasi na upana wa vizuizi, basi. Pale ambapo mkanda wa kwanza pekee haushiki vizuri, mikanda miwili ya ubavuni hubana chupa na kuziachia moja moja.

Tatizo ni kwamba hesabu hiyo inadhani chupa hubadilisha mwendo papo hapo. Ukweli ni kwamba, chupa inapovuka kutoka mkanda hadi mkanda, msuguano wa kitako chake ndio unaoivuta. Mkanda ukishika sana, chupa ndefu yenye kitako chembamba huyumba na huenda ikaanguka. Ukilainishwa kwa maji ya sabuni ili isianguke, chupa huteleza na kuchelewa kabla ya kufikia kasi mpya. Chupa mbili za aina moja, moja kavu na nyingine yenye maji kitakoni, hazichelewi kwa kiasi kilekile. Kuna na jambo jingine linalosahauliwa: mikanda hutoa pengo sawa pale tu chupa zinapofika zikiwa zimebanana. Foleni ikikatika nyuma, mwanya uliopo hukuzwa tu na mkanda wa pili.

Hapa ndipo hukumu inapaswa kutolewa kwa kila mashine peke yake. Chupa ikichelewa milimita 5, mashine ya lebo inayoongozwa na kihisi haipotezi chochote, kwa kuwa husubiri chupa ionekane ndipo itoe lebo. Printa ya tarehe ni hivyohivyo. Mizani nayo inaridhika mradi pengo dogo kuliko yote, wala si wastani wa mapengo, linatosha kuzuia chupa mbili kupanda sahani pamoja. Kwenye sehemu hizo kuendelea kutunza parafujo ni mzigo usio na sababu. Lakini kwenye mlango wa mashine ya kujaza ya mzunguko, milimita 5 hizohizo zinatosha kuipeleka chupa kwenye jino la gurudumu badala ya kishimo, na ikiwa ni ya glasi, kinachofuata ni vipande ndani ya eneo la bidhaa ya kunywa. Hapo sikubaliani kabisa na wanaotaka mikanda mitupu.

Wapo wanaojibu kwamba mota za sevo, yaani mota ambazo pembe na kasi yake huongozwa na programu, zimemaliza ubishi huu. Kweli zimeondoa mashafti na giaboksi, na pembe ya kila chupa huhifadhiwa kwenye programu badala ya kutafutwa kwa spana. Hata hivyo, ugumu haujaondoka. Umehamia kwenye kabati la umeme, na kiwanda kisicho na mtu wa kuusoma usiku wa manane kitasimama kwa muda mrefu zaidi kuliko kilivyosimama kwa sababu ya klachi.

Anayetaka kurahisisha aanzie mwisho wa laini, kwenye printa na mizani, na ajaribu kwa chupa nyepesi kuliko zote, zikiwa zimelowa, huku foleni ikikatizwa kwa makusudi na laini ikisimamishwa na kuwashwa mara kadhaa. Mabano ya parafujo yabaki yamefungwa mahali pake hadi kila umbo la chupa linalopita hapo lipite katika jaribio hilo.