Data ya Utafiti Isikwame Langoni mwa Chuo

Sehemu kubwa ya intaneti ya Kenya huingilia Mombasa. Nyaya za chini ya bahari za TEAMS na SEACOM zilifika katika ufuo wetu mwaka 2009, EASSy ikafuata mwaka 2010 na LION2 mwaka 2012, kisha zikaja nyingine mpya zaidi. Hata hivyo, mwaka uliopita, si mbali na ufuo huohuo, nilimwona mtafiti wa mikoko akizifunga diski mbili kwa magazeti na utepe ili azipeleke kwa kampuni ya vifurushi, zisafirishwe kwa ndege hadi Ulaya. Ndani yake mlikuwa na picha za mikoko ya Gazi zilizopigwa kwa droni, jumla ya terabaiti 2, ambazo wenzake wa huko walizihitaji ili wazichakate kwenye kompyuta kubwa ambazo sisi hatuna. Alikuwa amejaribu kuzituma kwa mtandao kwa wiki mbili nzima. Wazee walisema penye miti hapana wajenzi, na siku ile niliona kwamba methali hiyo inanihusu mimi, kwa kuwa mimi ni mmoja wa mafundi wa mtandao wa chuo chake.

Ninaandika haya kwa sababu ninaamini kwamba tatizo hili huelezwa vibaya karibu kila linapojadiliwa. Husemwa kwamba intaneti ni ndogo, basi inunuliwe kubwa zaidi. Chuo kilikuwa na njia ya gigabiti 1 kwa sekunde kwenda nje, na usiku njia hiyo ilikuwa karibu tupu. Kwa kasi hiyo, na kwa kuwa baiti moja ni biti nane, terabaiti 2 zingepita kwa muda wa saa nne na nusu hivi. Tulipopima, uhamisho wa mtafiti wetu ulikuwa ukienda kwa megabiti 3 na kidogo kwa sekunde, na kwa mwendo huo kazi yake ingechukua siku 56. Kama tungenunua njia ya gigabiti 10, tusingempunguzia hata siku moja.

Sababu yake inafaa kuelezwa polepole, kwa maana humo ndimo hoja yangu yote ilimo. Kompyuta inayotuma data kwa utaratibu wa TCP haimimini kila kitu kwa mkupuo mmoja. Hutuma kiasi fulani, husubiri upande wa pili ukiri kwamba umepokea, ndipo huendelea. Na kiasi kinachoruhusiwa kuwa njiani kabla ya kukiriwa huitwa dirisha. Dirisha la asili lilikuwa na kikomo cha kilobaiti 64, kiasi ambacho kilitosha zamani, na mwaka 1992 wahandisi waliweka utaratibu wa kulipanua. Kwenye njia tuliyoipima, pakiti, yaani kipande kidogo cha data, kutoka hapa hadi Ulaya na jibu lake kurudi zilichukua milisekunde 160. Ukigawanya kilobaiti 64 kwa milisekunde 160 unapata megabiti 3 na robo kwa sekunde, yaani tarakimu ileile tuliyoiona kwenye kioo. Fayawoli ya chuo, yaani ukuta wa ulinzi unaochuja data inayoingia na kutoka, katika bidii yake ya kukagua kila pakiti, ilikuwa ikifuta alama inayoziwezesha kompyuta mbili kukubaliana juu ya dirisha kubwa. Hakuna kifaa kilichokuwa kimeharibika, wala taa nyekundu haikuwaka popote.

Hatukuwa wa kwanza kukutana na jambo hili. Kitivo cha uhandisi cha Chuo Kikuu cha Pennsylvania State kule Marekani kilipata mkasa wa aina hiyohiyo, ambapo fayawoli iliibana mitiririko ya data hadi megabiti 50 hivi kwa sekunde ingawa njia yenyewe ilikuwa pana. Wao waliponea kidogo kwa sababu wenzao waliokuwa wakishirikiana nao walikuwa umbali wa milisekunde 10 tu. Sisi tulio mbali na vituo vikubwa vya sayansi tunaadhibiwa zaidi kwa kosa lilelile. Upotevu wa pakiti nao hufuata kanuni hiyo. ESnet, mtandao wa Wizara ya Nishati ya Marekani unaohudumia maabara za utafiti, uliwahi kukuta sehemu ya raota, kifaa cha kuelekeza data, iliyokuwa ikipoteza pakiti moja katika kila 22,000, upotevu ambao mtu anayesoma barua pepe hatautambua kamwe, lakini ulishusha kasi ya uhamisho mkubwa kwa kiasi cha kuogofya, na kadiri mwenza alivyokuwa mbali ndivyo alivyoumia.

Mkazi wa Mombasa hahitaji maelezo marefu kuhusu tabia ya foleni. Kabla ya barabara ya Dongo Kundu kufunguliwa, lori lililotoka bara likielekea Kwale lilikuwa halina budi kuingia kisiwani na kuingoja feri ya Likoni pamoja na watu wanaokwenda kazini, mama mwenye kapu la samaki na gari la wagonjwa. Kuongeza feri kulisaidia kiasi. Kilichobadilisha hali ya lori ni kupata njia yake ambayo haipiti kivukoni kabisa. Mtandao wa chuo una kivuko chake, nacho ni fayawoli, na data ya utafiti ndilo lori.

Wahandisi wa ESnet, wakiongozwa na Eli Dart, walieleza muundo wa njia hiyo katika andiko la mwaka 2013, na mimi huuita ukanda wa sayansi. Unaweka seva maalumu ya kusafirisha data karibu na lango la chuo, nje ya fayawoli ya jumla. Unailinda kwa orodha kali ya anwani zinazoruhusiwa kuifikia, na huweki juu yake kitu kingine chochote, si barua pepe wala tovuti. Kisha unapima njia hiyo mchana na usiku kwa vyombo kama perfSONAR, ili upotevu ujulikane kabla mtafiti hajalalamika. Msimamizi wa usalama anaposikia maneno "nje ya fayawoli" huruka, nami ninamwelewa. Lakini seva yenye kazi moja na wageni kumi wanaojulikana ni rahisi kuilinda kuliko jengo zima la simu na kompyuta za wanafunzi elfu kadhaa.

Mpaka hapo sijataja suluhisho ninalolipendekeza, yaani mtandao unaoongozwa na programu (SDN), na nimefanya hivyo makusudi, kwa sababu nimeona mawasilisho mengi yanayoanzia kwenye vifaa vipya kabla ya kueleza vitatatua nini. Mtandao wa aina hiyo, kwa maana inayotuhusu hapa, ni mtandao ambao swichi zake, yaani vifaa vinavyounganisha kompyuta na kupitisha data baina yake, zimepunguziwa kazi ya kufikiri. Swichi ya kawaida hubeba ubongo na mikono pamoja: yenyewe huamua pakiti iende wapi, na yenyewe huipitisha. Katika mpangilio mpya ubongo huhamishiwa kwenye programu moja inayoitwa kidhibiti, ambayo huuona mtandao wote na kuziandikia swichi kanuni, kwa mfano kwamba mtiririko unaotoka seva hii kwenda anwani ile upitie mlango wa 12, na mingine yote iende kwenye fayawoli kama ilivyozoea. Utaratibu wa OpenFlow, uliofungua mlango huu, ulielezwa mwaka 2008 na Nick McKeown na wenzake kutoka Stanford na vyuo vingine, na andiko lao lilizungumzia mitandao ya kampasi hasa. Baadaye kampuni kubwa za intaneti zililichukua wazo hilo kwa ajili ya vituo vyao vya data, na watu wengi wakasahau kwamba lilizaliwa chuoni.

Faida yake kwa mtafiti wetu si kasi. Programu haiongezi kasi ya mwanga ndani ya faiba. Faida ni kwamba uamuzi wa nani apite njia ipi, kwa muda gani na kwa idhini ya nani huandikwa mahali pamoja na hutekelezwa kwa sekunde chache, kisha hufutwa wakati wake ukifika. Chuo Kikuu cha Indiana kilitengeneza mfumo unaoitwa SciPass ambao naupenda kwa sababu haumlazimishi mtu kuchagua baina ya usalama na kasi: mtiririko huangaliwa kwanza na programu ya kugundua mashambulizi, na ukitambuliwa kuwa ni uhamisho wa kisayansi unaokubalika, swichi huamriwa iupitishe kando ya fayawoli. Ukaguzi hufanyika mwanzoni, si kwa kila pakiti ya picha ya mkoko hadi ya mwisho.

Kuna sababu nyingine inayotuhusu sisi wa Pwani zaidi. Mwaka 2024 nyaya zilikatika katika Bahari ya Shamu mwezi Februari, na mwezi Mei EASSy na SEACOM zikakatika upande wa kusini, hata Afrika Mashariki nzima ikahisi. Siku kama hizo njia iliyobaki ni nyembamba, na haki ni kwamba mitihani ya mtandaoni na shughuli za kila siku zitangulie. Kidhibiti kinaweza kuusimamisha uhamisho wa terabaiti kadhaa, kuurejesha saa nane za usiku na kuupunguza tena alfajiri, bila fundi kuamshwa usingizini. Vyuo vyetu vina mafundi wachache mno. Kazi ambayo chuo tajiri humpa mtu wa zamu, sisi lazima tuipe programu au isifanyike.

Sidai kwamba hakuna hatari. Kidhibiti kikianguka bila mpango mbadala, chuo kizima kinaweza kupoteza mtandao, kwa hiyo swichi lazima zijue kurudi kwenye tabia yao ya kawaida. Kumbukumbu ya swichi inayobeba kanuni hizi ina kikomo, na swichi za bei nafuu hujaa haraka. Baadhi ya wauzaji hubandika jina hili kwenye bidhaa zilizofungwa ambazo zitakufunga kwao kwa miaka. Kwa sababu hizo ningeanza padogo: seva moja, swichi moja inayokubali OpenFlow, na mtandao wa kawaida wa wanafunzi usiguswe. Hata diski za seva hiyo zichaguliwe kwa uangalifu, maana nimeona njia ya gigabiti 10 ikiishia kwenye diski moja inayozunguka. Upande wa nje tumekwisha kupata msaada mkubwa, kwa kuwa KENET, mtandao wa elimu na utafiti ulioanzishwa mwaka 1999, umeunganishwa na UbuntuNet, mtandao wa aina hiyohiyo wa kikanda barani Afrika, na kupitia huko na GÉANT, mwenzake wa Ulaya. Barabara kuu ipo, na zilizobaki ni mita mia chache zilizo ndani ya uzio wetu wenyewe.

Baada ya diski zile kuondoka, tuliomba ruhusa ya kujaribu. Jumamosi moja tuliitoa seva moja nyuma ya fayawoli, tukaandika kwa mkono anwani mbili tu zinazoruhusiwa kuzungumza nayo, tukarekebisha vipimo vya TCP na kuhama kutoka scp, programu ya kawaida ya kunakili faili, kwenda Globus, ambayo hutuma mitiririko kadhaa kwa wakati mmoja na kuendelea ilipoishia mambo yakikatika. Maandalizi yalituchukua karibu siku nzima. Uhamisho ulianza saa mbili usiku, baada ya sala ya Isha, ukiwa na nakala ya picha zilezile za terabaiti 2, na ukatulia kwenye megabiti 400 kwa sekunde. Saa moja na dakika chache asubuhi ulikuwa umekamilika, na wenzetu wa Ulaya walithibitisha kwamba faili zote zilikuwa sawa. Diski zilikuwa bado hazijawafikia.

Jumatatu tuliirudisha seva mahali pake, kwa kuwa ruhusa ilikuwa ya siku mbili na hakuna aliyekuwa tayari kuisimamia orodha ile kwa mkono kila mtafiti anapokuja na ombi lake. Ombi langu kwa kamati ya chuo, ambalo limo kwenye faili yao tangu mwezi uliofuata, ni swichi moja na mashine moja ya kuendeshea kidhibiti, ili kile tulichofanya kwa siku nzima kiweze kufanywa na mtafiti mwenyewe kwa kujaza fomu.