Gesi au Spiriti: Hesabu ya Jiko la Kubeba Mgongoni

Vijana wanaopanda Mlima Kenya au Uluguru wakiwa na mabegi yao wenyewe, bila mpishi wala mpagazi, wamekuwa wengi, na mjadala wao usiokwisha ni wa jiko. Wa upande wa gesi huonyesha kichomeo kinachotoshea kiganjani: PocketRocket 2 ya kampuni ya MSR ina gramu 73, na BRS-3000T ya China ina gramu 25 tu, hata nusu ya yai la kuku haifiki. Wa upande wa spiriti huonyesha Trangia ya Uswidi, au jiko walilokata wenyewe kwenye makopo mawili ya soda, ambalo kwenye mzani wa jikoni ni kama halipo. Kila upande unataja uzito wa jiko. Mimi naona hapo ndipo wote wanapoteleza, kwa sababu jiko ndicho kitu chepesi kuliko vyote katika mzigo wa kupikia. Uzito wenyewe uko kwenye mafuta na chombo cha kuyabebea.

Tupige hesabu. Kuchemsha lita moja ya maji kwa gesi hula gramu 15 pakiwa shwari, 20 au zaidi upepo ukivuma. Spiriti ina joto dogo: gramu 100 zake zinatoa joto la gramu 60 hivi za gesi, kwa hiyo lita hiyo hiyo itataka gramu 30 hadi 40. Chukua mtu mmoja anayelala mlimani usiku mmoja na kuchemsha lita tatu. Wa spiriti atabeba gramu 150 hivi, pamoja na chupa na jiko. Wa gesi, hata akinunua mkebe mdogo kuliko yote, ule wa gramu 100, atabeba na chuma cha mkebe chenye uzito unaokaribia wa gesi iliyomo, na jumla itapita 250. Hapo spiriti imeshinda bila ubishi. Sasa chukua watu wawili kwa siku tatu, lita 12. Mkebe wa gramu 230 unatosha, na ukijumlisha chuma chake na kichomeo unapata kama gramu 450. Spiriti ya kazi hiyo peke yake inazidi gramu 400, bado chupa na jiko. Wamefungana, na kadiri safari inavyorefuka gesi inazidi kwenda mbele.

Kwa mtembezi wa bondeni mjadala ungeishia hapo. Mlimani kuna baridi, na baridi ina hesabu yake.

Nimewahi kulala kambi ya Shipton's kwenye Mlima Kenya, mita 4,200 upande wa njia ya Sirimon, nikiwa na jiko la spiriti. Saa tisa usiku tuliamka ili tuianze njia ya kilele cha Lenana. Maji kwenye sufuria yalikuwa yameshika barafu juu. Nilimimina spiriti, nikawasha kiberiti, kikazimika ndani yake kama nilikitia majini. Cha pili vivyo hivyo. Baadaye ndipo nilipoelewa: spiriti hutoa mvuke wa kutosha kushika moto ikifika nyuzi joto 13 hadi 17 hivi, na yangu ilikuwa imelala nje ya begi la kulalia. Mwenzangu aliikumbatia chupa ndani ya koti kwa robo saa, ndipo ikawaka. Chai tuliipata, lakini kwa kuchelewa, na kule kuchelewa usiku wa kilele kuna gharama yake.

Gesi nayo haijasalimika. Butani, gesi ya bei nafuu inayojaa kwenye mikebe mirefu ya majiko ya mezani, huacha kugeuka mvuke ikifika karibu na nyuzi sifuri pale usawa wa bahari. Mikebe ya wapanda milima huchanganywa isobutani, inayostahimili hadi nyuzi 11 hivi chini ya sifuri, na propani, inayofika 42 chini ya sifuri. Kuna jambo moja ambalo wengi hawalijui, nami hulipenda sana: mlima wenyewe husaidia. Kwenye mita 4,700 hewa ina shinikizo dogo, kwa hiyo hata butani tupu huendelea kuchemka hadi karibu nyuzi 15 chini ya sifuri. Shida inayobaki ni kwamba mkebe hujipoza wenyewe kadiri gesi inavyotoka, na moto hufifia ukiwa bado na theluthi ya gesi ndani. Dawa yake ni kulala nao ndani ya begi la kulalia, na wakati wa kupika kuuweka ndani ya bakuli lenye maji kidogo ya vuguvugu. Kuuzungushia kizuizi cha upepo pande zote ni hatari, maana joto hurudi kwenye mkebe na unaweza kupasuka.

Spiriti ina sifa moja ambayo gesi haiwezi kuifikia: inapatikana. Mkebe wa gesi wenye kinywa cha skrubu utauona Nairobi, na kwa bahati Arusha au Moshi. Kwenye ndege hauruhusiwi kabisa, si mkononi wala kwenye mzigo wa chini. Spiriti ni ile ile iliyowasha karabai za babu zetu, na ukitafuta utaipata hata mji mdogo. Jihadhari tu na ya duka la dawa, ya kusafishia vidonda. Mara nyingi ni asilimia 70, yaani karibu theluthi yake ni maji, na huwaka kwa uvivu.

Upande wa spiriti hawapendi kuzungumzia moto wenyewe. Mchana mwali wake hauonekani. Jiko halina swichi. Likipinduliwa na teke, mafuta yanayowaka yanatambaa kwenye nyasi kavu. Mwezi Oktoba 2020 moto uliteketeza eneo kubwa la uoto wa Kilimanjaro, na taarifa za awali za TANAPA, shirika la hifadhi za taifa Tanzania, zilisema ulianza pale wapagazi walipokuwa wakipasha chakula eneo la Whona, njia ya Marangu. Sidai kuwa lilikuwa jiko la spiriti. Nasema eneo la vichaka vya mlimani wakati wa kiangazi halina msamaha, na jiko unaloweza kulizima kwa kuzungusha kitufe ni adabu kwa mlima. Kwa hilo peke yake, Januari na Februari, au Agosti na Septemba, nachagua gesi hata kwa usiku mmoja.

Jiko la pampu la mafuta ya taa, lile ambalo Lindqvist alilianzisha Uswidi mwaka 1892 na likaitwa Primus, halijafa. Kwa kundi la watu sita kwa wiki nzima bado naliheshimu: baridi hailitishi, na chupa yake unaijaza tena na tena. Ila ni zito, lina pini ya kuzibulia ambayo lazima uijue, na Tanzania tangu ushuru wa mafuta ya taa upandishwe mwaka 2011 kuzuia uchakachuaji, vituo vingi havina.

Kisha kuna chakula, ambacho wauzaji wa majiko hawakitaji. Old Moses, kambi ya chini ya Shipton's kwenye njia ya Sirimon, mita 3,300, maji huchemka kwenye nyuzi 89 hivi. Shipton's ni 86. Maharage hayataiva hata ukiyapikia jiko gani, na wali utakula mafuta ya jiko mara mbili. Anayebeba tambi, uji na dengu zilizopikwa na kukaushwa nyumbani anaokoa gramu nyingi kuliko anayenunua kichomeo chepesi zaidi. Na mvua ikikushika, usipikie ndani ya hema lililofungwa zipu. Gesi, spiriti na mafuta ya taa, vyote hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu.

Kwa Usambara, Lushoto hadi Mtae, kwenye vijiji na maduka njia nzima, nachukua spiriti. Kwa Sirimon nachukua mkebe wa gramu 230. Kabla ya kuondoka nauweka uelee kwenye ndoo ya maji ukiwa mpya na kuchora mstari kwa kalamu pale maji yanapofika. Nikirudi nauweka tena uelee. Mkebe utaelea juu zaidi kadiri ulivyopungua, nami najua kama kilichobaki kinatosha safari nyingine au ni cha chai ya nyumbani.