Soda Mbili, Wadai Wanne

Msimu wa korosho ukiingia, darasa langu la tano, huku njia ya Mikindani, hunuka mabibo. Mashati meupe yamejaa madoa yasiyoogopa sabuni, na akili za watoto ziko mashambani. Ndiyo maana siku ya kufundisha KDS, Kigawe Kidogo cha Shirika kwa mliosahau, niliamua kupitia tumboni.

Nikawapanga uwanjani, wote 48, kila mmoja na namba yake. Kila wa nne, yaani 4, 8, 12 mpaka mwisho, anapata kifuko cha korosho. Kila wa sita anapata kashata. Atakayeangukiwa na vyote viwili, huyo ndiye kigawe cha shirika, namwongezea soda. Na kwa kuwa tulikuwa na mgeni, mdhibiti ubora wa shule, kaketi chini ya mwembe na daftari lake, nikasema leo ndiyo leo.

Soda nilinunua mbili. Nne mara sita ishirini na nne, nilijiambia usiku nikiwa nimejilaza. Basi ni mtoto wa 24 na wa 48. Kipindi kilichotangulia tulifanya 3 na 4, ambazo ukizidisha tu jibu unalo. Uvivu ulinikamatia hapo.

Nikaanza kugawa. Namba 12, binti mmoja mwembamba, akanyoosha mikono yote miwili: korosho kulia, kashata kushoto.

"Mwalimu, naomba soda yangu."

"Bado, mwanangu. Soda zinaanzia ishirini na nne."

"Mbona vyote viwili ninavyo?"

Uwanja kimya. Nikahesabu kwa vidole, mkono nyuma ya mgongo. Nne, nane, kumi na mbili. Sita, kumi na mbili. Lahaula! Nne ina mbili ndani yake, sita nayo ina mbili, ile ile, nami nimeihesabu mara mbili kama karani wa mizani mwenye njaa. Nikiwa bado nameza mate, namba 36 naye kashaelewa, anarukaruka: "Na mimi! Na mimi!"

"Nilikuwa nawapima tu," nikasema, nikicheka kama mtu aliyekalia siafu.

"Sasa si tumefaulu, Mwalimu?" akasema binti. "Tupe soda."

Mdhibiti akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaandika. Akaandika sana.

Nikamtuma kiranja dukani akakope soda mbili. Mama muuza duka hakopeshi bila maelezo, na kiranja wangu, mtoto mkweli, akamweleza mbele ya vijana wote wa bodaboda waliojibanza kivulini: Mwalimu kakosea KDS.

Jioni nikaenda kulipa deni. Mama akapokea noti, akaikunjua taratibu, akaniuliza kwa upole kabisa:

"Mwalimu, chenji nikuhesabie mimi, au tumwite yule binti?"